Ukimfungia Nguruwe, Umechukua Deni Lake

Hotuba ya Katibu kwa wanachama, Kighare, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Muungano wetu wa Ushirika



Wenzangu waliotangulia wamekwisha kusimulia habari za kahawa, za mizani na za ghala, nao wamesema vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Halmashauri imenituma nizungumze juu ya jambo ambalo katika vikao vyetu hutajwa kwa sauti ya chini, nalo ni ufugaji wa nguruwe. Mimi si mganga wa mifugo. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini maombi ya mikopo yapitayo mezani pangu yanaonyesha kwamba wanachama wengi, hasa vijana na akina mama wasio na mashamba makubwa ya kahawa, wanamtazama mnyama huyu kuwa njia ya kupata ada ya shule na bati la nyumba. Kwa hiyo nimesoma, nimewauliza wataalamu, nami nitawaeleza niliyoyapata kwa lugha ya kila siku.

Kabla sijaendelea, nina neno kwa wale ambao dini zao zinawakataza mnyama huyu. Katika milima yetu wako Waislamu wengi, na Wasabato wamekuwapo Upare tangu walipofungua misheni yao Giti mwaka 1903. Wote hao ni wanachama wenzetu, na hisa zao ni sawa na hisa za wengine. Sisemi nao ili wafuge. Nasema mbele yao kwa sababu nguruwe akifugwa vibaya madhara yake hayachagui dini, kama nitakavyoonyesha, na kwa sababu wana haki ya kujua fedha za Muungano zinafanya kazi gani.

Neno langu lote ni hili. Nguruwe hapana budi afungiwe bandani. Lakini umfungiapo mnyama, umemwondolea kazi alizokuwa akijifanyia mwenyewe kwa pua na miguu yake, nawe umezichukua ziwe deni lako. Deni hilo lina mafungu matatu: chakula, malazi na uzazi. Mwenye kulilipa hupata faida. Asiyelilipa atalipishwa tu, kwa njia ya hasara.

KWA NINI AFUNGIWE

Wako watu wanaosema: nguruwe wa babu zetu alizurura, akajitafutia, wala hakuna aliyemnunulia chakula. Tuyatazame maneno hayo kwa haki. Huko Busia, magharibi ya Kenya, watafiti waliwafunga nguruwe wa vijijini vyombo vidogo vinavyopokea ishara za satelaiti, wakafuata nyendo zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Nguruwe aliyeachwa huru alitembea kwa wastani zaidi ya kilomita 4 katika muda wa saa 12, na karibu nusu ya muda huo alikuwa nje ya boma la mwenyewe. Alikuwa katika shamba la nani? Alikuwa katika viazi vya jirani, na katika vichaka vilivyo nyuma ya nyumba, ambako watu wasio na vyoo hujisaidia.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Yuko mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama isiyoiva yenye vifuko vya mnyoo huyo, tegu hukua ndani ya matumbo yake, na mayai hutoka pamoja na choo. Nguruwe azururaye hula choo hicho, na mayai hugeuka kuwa vifuko katika nyama yake. Mtu mwingine hula nyama ile, na mzunguko huanza tena. Lakini balaa kubwa zaidi ni pale mayai yenyewe yanapoingia kinywani mwa binadamu, kwa mikono isiyonawishwa, kwa maji au kwa mboga mbichi. Hapo vifuko hujijenga mwilini mwa mtu, hata ubongoni, vikaleta kifafa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi ambazo tegu huyu ameenea, karibu watu 30 katika kila 100 wenye kifafa wamekipata kwa sababu yake. Na hapa Tanzania, utafiti uliofanywa wilayani Mbulu na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta dalili za vifuko hivyo katika ndimi za nguruwe 17 kwa kila 100 waliotazamwa.

Sasa nawageukia wanachama wasiofuga wala kula. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne wa mji wa New York. Walikuwa Wayahudi washikao sana sheria ya dini yao, ambayo inakataza nguruwe kama ilivyo kwa Waislamu. Lakini walipatikana na vifuko vya tegu ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa watumishi wa nyumbani, waliokuwa na tegu matumboni bila wenyewe kujua, nao ndio waliotayarisha chakula. Basi asiyekula nyama hii aweza kuumwa kwa ajili ya nyama hii. Mwislamu au Msabato wa Kighare anaposema kwamba hataki kumwona nguruwe wa jirani njiani, anadai haki yake, na yafaa tumsikilize.

Dawa za tegu zipo, kwa binadamu na kwa nguruwe. Lakini ngao zilizo nafuu kupita zote ni tatu, nazo zimo ndani ya uwezo wetu: choo kwa kila nyumba, banda kwa kila nguruwe, na nyama iliyokaguliwa ikapikwa mpaka ikaiva hata ndani.

Hiyo ndiyo sababu ya kumfungia. Sasa tulitazame deni.

DENI LA CHAKULA

Ng'ombe na mbuzi wana tumbo kubwa la mbele ambamo majani huchachishwa, hivyo waweza kupata nguvu nyingi kutoka katika nyasi. Nguruwe ana tumbo moja kama letu. Majani yanamfaa, lakini majani matupu hayamtoshi. Mwenye kumfunga nguruwe na kumtupia migomba na magugu asubuhi na jioni amemfunga kifungo cha njaa. Azururaye angalau huchimba minyoo, mizizi na wadudu. Aliyefungwa hana ila ulicholeta.

Wengine humpa mahindi au pumba tupu, wakashangaa kwamba hakui. Sababu yake wataalamu waijua vizuri. Mwili hujengwa kwa protini, na protini imefanyika kwa vipande vidogo vya aina nyingi. Mahindi yana protini kama 8 au 9 tu kwa mia, na kipande kimoja kiitwacho lisini kimepungua mno ndani yake. Ni kama fundi aliyeletewa mawe mengi na saruji kidogo: ukuta husimama pale saruji iliposimama, hata kama mawe yamejaa uwanja mzima. Chakula kilichozidi hugeuka mafuta, na mwenye nyama huona ameuziwa mafuta.

Basi mahindi na pumba hutiwa nguvu kwa vitu vyenye lisini na protini nyingine: soya iliyokaangwa au kuchemshwa, maana ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia chakula kusagika tumboni, mashudu ya alizeti, dagaa waliokaushwa vizuri. Kisha chumvi kidogo, na unga wa mifupa au chokaa ya mifugo. Matembele ni mazuri, kwa kuwa yana protini kuliko majani mengi mengine. Muhogo ulio mchungu usipewe mbichi, bali ukatwe, ukaushwe au uchemshwe, ili sumu yake ipungue.

Tofauti baina ya njaa na shibe hupimika kwa mizani. Watafiti waliopima nguruwe wa vijijini huko huko Busia walikuta kwamba waliongezeka gramu mia moja na kitu tu kwa siku. Nguruwe wa mbegu nzuri, aliyelishwa chakula kamili, aweza kuongezeka nusu kilo na zaidi kwa siku. Fanyeni hesabu wenyewe: wa kwanza atafuta mwaka mzima na zaidi akila, na bado hajafika sokoni, wa pili atauzwa angali kijana, na hori lake litampokea mwingine.

Yako maonyo mawili. La kwanza ni ukungu. Sisi tunapochambua mahindi, yaliyooza huambiwa "ya nguruwe". Hilo ni kosa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nayo humdhuru nguruwe vile vile, ini lake likaharibika na ukuaji ukakoma. Iko pia aina nyingine ya ukungu wa mahindi ambayo sumu yake hufanya kazi kama homoni ya kike. Nguruwe mchanga akiila, sehemu zake za uzazi huvimba kana kwamba yu katika joto, mwenyewe akampeleka kwa dume bure. Na mwenye mimba aweza kuipoteza. Mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha yeyote.

Onyo la pili ni mabaki ya hotelini. Mabaki hayo huweza kuwa na vipande vya nyama ya nguruwe, na nyama hiyo huweza kubeba homa nitakayoitaja baadaye. Uingereza ilipiga marufuku kabisa kuwalisha nguruwe mabaki ya jikoni mwaka 2001, baada ya ugonjwa wa miguu na midomo kuingia nchini humo. Kwetu ushauri ni kuyaacha. Mtu ambaye hana njia nyingine ayachemshe nusu saa nzima, akikoroga, na asipokee kamwe mabaki yenye nyama ya nguruwe.

Tena maji. Nguruwe anyonyeshaye aweza kunywa lita 15 hata 30 kwa siku, na asipoyapata maziwa hupungua. Kwa hiyo ajengaye banda na alijenge karibu na maji. Lakini tafadhali, uchafu wa banda usiteremkie mfereji. Sisi Wapare tumerithi ndiva na mifereji kwa wazee wetu, na tunajua kwamba maji yaliyo kwangu saa hii yatakuwa kwa jirani yangu aliye chini baada ya kitambo kidogo. Shimo la mbolea lichimbwe upande wa pili, na mbolea hiyo iende kwenye migomba na kahawa.

DENI LA MALAZI

Watu wengi hudhani nguruwe hupenda uchafu. Katika miaka ya 1970 na 1980, wataalamu wa Edinburgh, nchini Scotland, waliwachukua nguruwe wa kufugwa wakawaacha katika uwanja mkubwa wenye miti, nyasi na kijito, wakawatazama. Nguruwe wale, ingawa ukoo wao ulikuwa umefungiwa kwa vizazi vingi, walitumia sehemu kubwa ya mchana wakichimba na kutafuta chakula. Walijitengenezea mahali pa kulala, wala hawakujisaidia karibu na hapo. Na jike alipokaribia kuzaa alijitenga na wenzake, akachimba kishimo, akabeba nyasi na vijiti kwa kinywa, akajijengea kiota.

Tunajifunza nini? Kwamba nguruwe alalaye katika kinyesi chake hakuchagua, bali amekosa nafasi. Kwamba agaagaye topeni anatafuta ubaridi, maana hana jasho la kutosha la kumpoza. Na kwamba jike akwaruzaye sakafu kavu usiku wa kuzaa hana kichaa. Anatafuta nyasi ambazo hakupewa.

Basi banda na liwe na sehemu mbili, moja ya kulala iliyo kavu na yenye nyasi, nyingine ya kula na kujisaidia, na sakafu yenye mteremko. Nguruwe wa kunenepesha apate kama meta mraba 1. Mama na wanawe meta mraba 6 au 7. Paa liwakinge na jua la Januari na ukungu wa Julai. Siku moja au mbili kabla ya kuzaa, jike apewe nyasi kavu tele. Hizo ni kazi zisizo na gharama ila nguvu za mikono.

Watoto wana shida yao. Kitoto cha nguruwe huzaliwa na mafuta kidogo sana mwilini, na siku za kwanza hutaka joto la nyuzi 30 na zaidi, ambalo mama yake haliwezi. Katika baridi yetu ya mlimani, kitoto kisicho na pembe yake yenye joto humkimbilia mama, na mama akijilaza humlalia. Vitoto vingi hufa kwa kulaliwa kuliko kwa ugonjwa. Kwa hiyo fito imara zifungwe kuzunguka ukuta, kiasi cha sentimeta 20 hadi 25 kutoka sakafuni na kutoka ukutani, ili kitoto kipate pa kuponyokea. Na pembe moja itengwe kwa boksi lenye nyasi nyingi na taa au chungu cha makaa kilichokingwa vema.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, kila kitoto kiyapate katika saa za mwanzo, kwa kuwa kinga ya mama hupita humo, na baada ya siku moja hivi mlango huo hufungwa. Tena maziwa ya nguruwe yana upungufu wa madini ya chuma. Kitoto cha porini hupata chuma udongoni. Kitoto cha sakafu ya saruji hakipati, nacho huwa cheupe na dhaifu. Yafaa kichomwe sindano ya chuma siku ya tatu hivi. Hapa tena mnaliona deni: tulikiondoa udongoni, sharti tukipe kilichokuwa udongoni.

Nchi zilizotajirika zilipitia njia ndefu katika jambo hili. Baada ya kuwabana nguruwe katika vizimba ambamo jike hakuweza hata kugeuka, Uingereza iliunda kamati iliyotoa taarifa yake mwaka 1965, ikisema kwamba mnyama yampasa aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo. Uingereza ilikataza vizimba hivyo vya majike wenye mimba mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2013, isipokuwa kwa majuma machache ya mwanzo wa mimba. Wao walijenga kwanza, kisha wakabomoa. Sisi ndio kwanza tunajenga. Hatuna sababu ya kujenga kitakachobomolewa. Nayo Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, hivyo huruma kwa mnyama si hiari ya mtu tena.

DENI LA UZAZI

Jike azururaye humpata dume mwenyewe. Aliyefungwa humtegemea mwenye daftari. Joto lake huja kila siku 21, zikipungua au kuzidi kidogo, na hudumu siku mbili au tatu. Alama zake ni kukosa utulivu, kuacha chakula, uke kuwa mwekundu na kuvimba. Alama ya hakika ni hii: ukimkandamiza mgongoni kwa mikono miwili, naye akasimama kimya, masikio yakiwa wima, yu tayari. Apandishwe siku hiyo, na tena baada ya nusu siku au siku moja. Jike mchanga asipandishwe katika joto la kwanza. Angojewe la pili au la tatu, akiwa na miezi 7 au 8 na mwili uliojaa.

Mimba yake ni siku 114, nazo hukumbukwa kwa urahisi: miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu. Wakati wa mimba apewe kama kilo 2 au 2 na nusu za chakula kamili kwa siku, pamoja na majani mengi ya kumjaza tumbo, maana jike mwenye njaa hugombana na kutafuna ubao. Anyonyeshapo aongezewe kwa kadiri ya wanawe, robo kilo hata nusu kilo kwa kila mmoja juu ya kilo 2 zake. Wengi wetu hufanya kinyume, tukamnenepesha akiwa na mimba na kumkondesha akinyonyesha. Akiachisha watoto hana nguvu ya kuingia joto tena. Jike aliyetunzwa huingia joto siku 4 hadi 7 baada ya kuachisha.

Tufanye hesabu. Siku 114 za mimba, siku 56 za kunyonyesha na siku 7 za kungoja ni siku 177. Maana yake ni mizao miwili kwa mwaka. Lakini mwenye banda akikosa joto moja tu kwa sababu hakuandika tarehe, amepoteza siku 21. Na kwa kilo 2 na nusu kwa siku, jike amekula zaidi ya kilo 50 za chakula bila kuzaa kitu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kalenda ya ukutani na penseli iliyofungwa kwa uzi vyatosha.

Juu ya dume, kuna hatari mbili. Dume mmoja akikaa kijijini miaka mingi atawapanda binti zake, na kizazi kitadhoofika: vitoto vichache, vilivyodumaa, vingine na vilema. Kwa hiyo dume abadilishwe kabla binti zake hawajafika umri wa kupandwa, au binti hao wapelekwe kwingine. Hatari ya pili ni kwamba dume atembezwaye banda kwa banda hubeba maradhi ya kila banda. Jike na apelekwe kwa dume aliye mahali pamoja, penye sakafu safi. Na wakati wa mlipuko wa ugonjwa pasiwe na kupandisha nje kabisa.

KIFO KISICHOFICHWA

Nimefika kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote. Mwaka 1921 mganga wa mifugo aitwaye Montgomery aliandika habari za homa mpya aliyoiona kwa nguruwe wa walowezi wa Kenya. Hiyo ndiyo homa ya nguruwe ya Afrika. Katika nchi yake ya asili hukaa kwa ngiri na kwa papasi wa mashimo yao bila kuwaua ngiri hao. Ikiingia kwa nguruwe wa kufugwa huua karibu wote. Ilivuka mpaka Ureno mwaka 1957, ikaingia Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018. Hapa Tanzania iliwaka Kyela mwaka 2010, ikasafiri hata Dar es Salaam mwaka uliofuata. Na mwaka 2013 iliingia kaskazini, mkoa wetu wa Kilimanjaro ukiwamo, kama walivyoandika watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hapa kwetu hatuna chanjo wala dawa ya kuitegemea.

Jiografia yetu yatupasa tuifahamu. Chini ya milima yetu iko Hifadhi ya Mkomazi, nyumba ya ngiri. Pembeni yake inapita barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Nguruwe aliyefungwa Kighare hatakutana na ngiri. Lakini nyama, buti, magunia na magari ya wachuuzi hupanda mlima kila siku.

Homa hii haimdhuru binadamu hata akila nyama. Na hapo ndipo jaribu lilipo. Mwenye nguruwe akiona mmoja amekataa kula, ngozi imekuwa nyekundu masikioni na tumboni, mwingine amekufa ghafula, moyo humwambia: chinja waliobaki usiku, uza kwa bei ya kutupa, angalau upate nauli ya mtoto. Namwelewa mtu huyo. Amekopa kwetu, na deni linamtazama. Lakini kila kilo aliyouza ni moto uliobebwa katika kikapu. Virusi hivyo huishi katika nyama mbichi kwa majuma, na katika iliyogandishwa kwa miezi. Aliyeokoa shilingi chache amewaunguza jirani zake wote, na mwisho hata soko lake mwenyewe limekufa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika homa hii humuumbua akiwa na kijiji chake chote.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 yamtaka mtu kutoa taarifa. Lakini sheria peke yake haitoshi kama atoaye taarifa ndiye apatae hasara peke yake. Hapa ndipo Ushirika unapoingia.

YANAYOPENDEKEZWA

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako naweka mbele ya mkutano mapendekezo matano ya Halmashauri.

Kwanza, fedha za nguruwe ziwe na daftari lake mbali, zitokane na hisa za wale tu wanaopenda, ili mwanachama ambaye dini yake inakataza asiwe na hata senti moja humo, wala asipokee faida yake.

Pili, mkopo wa nguruwe usitolewe kabla banda na choo cha nyumba havijakaguliwa. Asiye na nguvu za kujenga tumsaidie kwa msaragambo, kama tulivyozoea kujengeana na kulimiana.

Tatu, chakula kinunuliwe kwa pamoja wakati wa mavuno, kikaushwe na kuhifadhiwa katika ghala letu, ili kisiote ukungu.

Nne, madume yaandikwe katika rejista, na tarehe ya kuyabadilisha iwekwe.

Tano, na hili ndilo kubwa: kiwepo kifuko cha maafa kinachochangwa na wafugaji kwa kila nguruwe auzwaye. Mwanachama atakayetoa taarifa ya vifo siku ile ile kwa Bwana Mifugo na kwa ofisi yetu, akazika mizoga na kufunga banda, marejesho ya mkopo wake yaahirishwe na apewe msaada kutoka katika kifuko hicho. Atakayeficha na kuuza, asipewe. Tukifanya hivyo, mwenye kusema kweli hataachwa abebe hasara peke yake.

Jirani zetu wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na kisha Muungano wao, KNCU, mwaka 1933, mtu mmoja mmoja alikuwa dhaifu mbele ya bei, waliposhikana wakasikilizwa. Maradhi ni kama bei mbaya: humwonea aliye peke yake. Katika miaka kumi iliyopita tumejifunza kuaminiana juu ya mizani. Katika miaka kumi ijayo na tujifunze kuaminiana juu ya banda, ili mwenye kufuga apate riziki yake, na asiyefuga apite njiani kwa amani.

Kwa maneno hayo, Bwana Mwenyekiti, naomba wanachama wayajadili mapendekezo haya kwa uhuru, wakiyapima kama tunavyopima kahawa, na mwisho tupige kura.